Uliberali tunaudai Nairobi tu, au hata hapa Kondele, Kisumu?

JaNyalenda

Wadau, jukwaa limelala wiki hii, acha niliamshe.

Mimi ni mliberali wa siasa na sijifichi. Hapa Kisumu ukisema hivyo, kanisani wanaona umeacha dini, na kijiweni wanaona umelipwa na mabalozi. Basi niweke msimamo wangu wazi mpate cha kupiga mawe. Mamlaka yoyote inayoweza kukukamata, kukutoza au kukufunga mdomo sharti iwe na mpaka, na mpaka huo usitegemee kama mtawala ameamka vizuri. Raia hana haja ya kujieleza kwa nini awe huru. Anayetaka kumzuia ndiye ajieleze. Someni Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010: haki haibanwi ila kwa sheria, na anayetaka kuibana ndiye mwenye mzigo wa kuithibitishia mahakama kwamba ana sababu ya haki.

Najua kuna atakayesema haya ni ya Wazungu. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba serikali hupata uhalali wake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, sawa. Lakini Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, na sidhani kama kuna aliyekuwa na kitabu chake mfukoni. Walikataa kipande, ile karatasi ya utambulisho na rekodi za kazi ambayo Mwafrika alilazimishwa kuivaa shingoni. Walilalamikia kodi ya nyumba. Wakauliza kwa nini nchi imegeuzwa koloni mwaka uliotangulia bila wao kuulizwa. Mkutano ukaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Nipeni mliberali safi kuliko hao.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga akatoka KANU, akaongoza chama cha upinzani cha KPU. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali ambayo mpaka leo tunaiita Russia. Zogo likazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kikaifanya KANU chama pekee kisheria, hadi Desemba 1991. Utawala usio na mpaka hatukusimuliwa, tulizika wafu wake.

Sasa swali. Mtu avae fulana ya chama ambacho si chetu, aje na spika yake Kondele msimu wa kampeni. Atamaliza hotuba?

BodaKondele

Atamaliza kutaja jina lake 😂

Lakini omera (ndugu yangu), usitupake matope vijana peke yetu. Hatuamki asubuhi tukajipanga kuzomea mtu. Kuna mtu huwa ameshapita jana yake jioni.

WakiliMtaani_Nakuru

Ndugu JaNyalenda, umeanza vizuri ila umeibana mada. Huko Australia chama kinachoitwa Liberal ndicho cha mrengo wa kulia. Marekani ukimwita mtu mliberali unamaanisha wa kushoto, anayetaka serikali isaidie watu kwa bima na pensheni. Hapa kwetu mwaka 2002 tulikuwa na LDP (Liberal Democratic Party) yenye jina hilohilo, ya watu waliotoka KANU wakiwa na hasira, na sioni nani alijiunga nayo kwa ajili ya Locke.

Kwangu mimi kipimo kizuri ni cha mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, 1859: mtu mzima azuiwe pale tu anapowadhuru wengine. Kumzuia kwa faida yake mwenyewe hakutoshi. Tukipime kwa pombe, maana huko magharibi mnaijua. Chang'aa ilikuwa marufuku hadi ilipokuja sheria ya vileo ya 2010, ambayo tunaiita sheria ya Mututho kwa sababu mbunge wetu wa Naivasha wakati huo ndiye aliyeipeleka Bungeni. Ikafuta marufuku, ikataka chang'aa ipikwe kwa leseni. Hapohapo ikaamuru baa ziwe angalau mita 300 kutoka shuleni na zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mill angekubali mita 300, kwa sababu mtoto si mtu mzima. Angekubali pia serikali ipime kama kuna methanoli ndani, kwa sababu hakuna aliyenunua sumu kwa hiari. Lakini saa kumi na moja? Askari wa zamu ya usiku akitaka bia yake saa nne asubuhi kisha akalale, anamdhuru nani?

MamaMwalimu_Butere

Wakili, hujaishi na mlevi. Unauliza anamdhuru nani? Njoo huku siku miwa imelipwa, uwaulize watoto kwa nini wako nyumbani katikati ya muhula. Huyo wa saa nne asubuhi ana mke na ana karo.

WakiliMtaani_Nakuru

Mwalimu, karo ni wajibu wake na Sheria ya Watoto inamfunga. Mshtaki kwa karo. Lakini kwa nini umfungie baa na jirani yake aliyekwishalipa?

MamaMwalimu_Butere

Kwa sababu kushtaki kunataka nauli ya kwenda kortini, na hiyo nauli ndiyo aliyoinywa.

ShambaMiwa

Nyinyi mnaongea uhuru wa kusema. Huku kwetu Mumias uhuru tunaouota ni wa kuuza.

Kwa miaka mingi mkulima wa miwa aliwekwa kwenye ukanda wa kiwanda kimoja. Shamba lako, jasho lako, lakini ukipeleka miwa kiwanda cha pili unaitwa mwizi na trekta linazuiwa barabarani. Miwa huwa tayari ikifika miezi 18 hivi. Yangu ilikaa, ikapita miaka miwili, kibali cha kukata hakitoki. Ikatoa maua, ikalala, ikakauka ndani. Ilipokatwa hatimaye ikashinda juani ikingoja kubebwa, na kila siku inapunguza uzito kabla ya kufika kwenye mizani. Aliyenifunga mikono hakuwa polisi wala chifu. Alikuwa karani wa kiwanda, jina sitaji, ananiambia niwe na subira huku anakunywa chai.

Kwa hivyo mimi ni mliberali wa Adam Smith, yule wa soko huria wa 1776. Mwacheni mtu auze anapopata bei. Viwanda vinne vya serikali vimekodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, sina neno, lakini ukanda ukirejeshwa kinyemela tutakuwa tumebadilisha bwana tu.

Na sukari ya kutoka nje izuiwe kabisa, inatumaliza.

NyarKibuye

Mzee wangu ngoja kidogo 😂 Wewe uuze unapotaka, mimi nisinunue ninapotaka? Miaka zaidi ya ishirini sukari ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Afrika Mashariki na Kusini) iliwekewa kizuizi ili nyinyi mjipange. Mlijipanga? Kilo niliinunua bei ya juu muda wote huo.

ShambaMiwa

Binti yangu, hatukujipanga kwa sababu hatukuwa tunaendesha kiwanda. Tulikuwa tunangoja kibali.

NyarKibuye

Hapo sawa, nimekuelewa.

Mimi Locke simjui, nauza mitumba Kibuye. Ila hili la soko huria nimelivaa mwilini. Kila ukoo wa Kisumu una mtu aliyefanya kazi KICOMI, kile kiwanda cha nguo za pamba. Miaka ya tisini soko lilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, pamba ya hapa ikakosa mnunuzi, mashine zikanyamaza. Na mitumba hiyohiyo ndiyo imesomesha watoto wangu. Bale ikikatwa asubuhi, wenye mtaji wanainamia kwanza wanachukua kamera, nguo ambazo hazijavaliwa sana. Sisi tunagawana inayofuata. Jioni kinachobaki ni fagia, kinauzwa kwa rundo. Hakuna afisa aliyenifundisha shati lipi litapendwa na mwalimu wa Nyamasaria na lipi litapendwa na kijana wa Manyatta, najua kwa kumwangalia tu akitembea. Uhuru huo naupenda, na askari wa kaunti akija kunihamisha bila notisi nitamkumbusha Kifungu cha 47, cha haki ya kutendewa haki na maafisa, ambacho nimekikariri.

Lakini mniambie, yule fundi wa kiwandani alikuwa huru siku aliyotoka getini mara ya mwisho? Huru kufanya nini?

MsomajiTu

Naona mnamsifu Mill. Huyo alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, iliyotawala India, kuanzia 1823 hadi 1858. Na katika maandishi yaleyale ya 1859 alisema kanuni yake haiwahusu watu aliowaita washenzi: kwao utawala wa kidikteta unafaa, bora nia iwe kuwaendeleza. Waliokusudiwa ni sisi. Halafu mwaka 1911, Wamaasai wanapotolewa Laikipia kwa mkataba, serikali iliyokuwa madarakani London ilikuwa ya chama cha Liberal. Endeleeni na uliberali wenu.

JaNyalenda

MsomajiTu, yote uliyosema ni kweli na sitayapunguza. Ongeza na hili: Wamaasai walikwenda mahakamani 1913 kuupinga mkataba huo, mahakama ikawaambia kwamba ni makubaliano kati yao kama taifa la nje na Mfalme, haina uwezo wa kuyasikiliza. Yaani ardhi inachukuliwa kama ya raia, kesi inatupwa kama ya mgeni.

Lakini angalia walichokidai: ridhaa, mahakama, mpaka kwa mtawala. Na Piny Owacho walidai hayohayo. Mill kuwanyima hakuyafanyi kuwa yake.

MamaMwalimu_Butere

Nimewasoma nyote, sasa nami niseme langu. Wakati wabunge walikuwa wamefyata mkia, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alisimama hadharani kupinga chama kimoja. Askofu Muge wa Eldoret naye alisema mpaka akafa kwenye ajali ya barabarani Agosti 1990, na maswali hayajaisha. Uhuru huu mnaojivunia ulitoka madhabahuni. Leo waliberali mnaliona kanisa kama adui. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema shirika la kutetea mashoga lilinyimwa usajili kinyume cha Katiba. Kama huo ndio uliberali, mimi msinihesabu.

JaNyalenda

Mwalimu, la maaskofu nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu uamuzi ule wa majaji watatu dhidi ya wawili, ulihusu Kifungu cha 36, haki ya watu kuungana. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha vitendo vyenyewe Mahakama Kuu ilivibakiza mwaka 2019, na uamuzi wa 2023 haukuvifuta. Hakuna aliyekuambia ubadilishe mahubiri.

Ninachoogopa ni yule afisa wa usajili. Mkimpa uwezo wa kukataa kikundi kwa kuwa wengi hawakipendi, siku moja kikundi kitakuwa chenu. Huko kwenu mnaijua Dini ya Msambwa. Serikali ya mkoloni iliipiga marufuku 1948. Uhuru ukaja, na 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Elijah Masinde, mwanzilishi wake, alifungwa na Mwingereza, kisha akafungwa na Mwafrika. Dini yake wengi waliiona ya kishenzi, makanisa yenyewe yakiwemo. Wengi kutopenda kitu haijawahi kuwa sababu ya kutosha.

MamaMwalimu_Butere

Habari ya Masinde sibishi, hiyo naijua toka utotoni. Hiyo nyingine bado nakataa na nitaendelea kukataa.

JaNyalenda

Na nitakutetea ukikataa, mwalimu. Hata kwa maandishi.

Sasa turudi Kondele, maana naona mmenikwepa kwa ustadi. Mwaka 1988 KANU ilitupanga mlolongo nyuma ya wagombea, na kuna mahali aliyekuwa na foleni fupi akatangazwa mshindi. Tulilia tukasema kura iwe ya siri. Tukaipata. Leo hakuna anayetupanga, tunajipanga wenyewe. Uchaguzi ukikaribia wimbo ni suti: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na diwani, wote rangi moja. Ukishapata tiketi umemaliza, Agosti unaenda kuapishwa tu. Maana yake uchaguzi wetu wa kweli ni mchujo wa chama, ambao aliyeshindwa hana pa kwenda kulalamika akasikika, na asiye wa chama hana sauti kabisa. Tuliondoa Kifungu cha 2A kwenye Katiba ya Kenya, tukakiandika upya kwa mkono wetu kuanzia Ahero hadi Maseno. Na wenzetu wa Bonde la Ufa msicheke, yenu ni hiyohiyo kwa rangi nyingine.

Kabla ya 1997 ukitaka mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na mkuu wa wilaya akinuna huna mkutano. Mageuzi ya mwaka ule yakaondoa leseni. Sasa unamjulisha OCS (mkuu wa kituo cha polisi) tu, kati ya siku 3 na siku 14 kabla, basi. Kifungu cha 37, haki ya kukusanyika na kuandamana, kikaja kupigilia msumari. Juni 2024 tuliitumia haki hiyo, Kisumu, Nakuru, Kakamega, mpaka tarehe 26 Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Tulikuwa tunaimba kwamba hakuna askari wa kutuchagulia nani aseme.

Nauliza tena: ile leseni tuliyomnyang'anya mkuu wa wilaya, nani aliwapa vijana wa steji (kituo cha bodaboda)?

BodaKondele

Nikujibu bila siasa.

Mheshimiwa anapita steji jioni, anashuka, anasalimia. Anaongea na mwenyekiti pembeni. Kesho yake piki piki zinapangwa pale petroli, kila moja inajazwa ya mia mbili, mwenyekiti anashika daftari. Hakuna anayekuambia umpige mtu. Unaambiwa tu, hapa ni kwetu. Wiki ijayo akija mwingine na spika yake, mwenyekiti anakaa kwa kiti anatazama. Mmoja anaanza honi. Wa pili. Wote. Honi tu, jiwe halirushwi mpaka mtu wa gari ajifanye mjuaji. Na mimi nikikaa bila kupiga honi, daftari linaona. Jina langu halisomwi tena petroli.

Jioni mwenye piki piki anataka pesa yake ya siku, nimebeba nisibebe. Bima inaisha mwisho wa mwezi. Sasa omera, nipe huo uhuru wako niumimine kwa tangi.

ShambaMiwa

Huyu kijana amesema kitu. Daftari lake na kibali changu ni ndugu.

WakiliMtaani_Nakuru

Amesema kitu kikubwa kuliko vyote kwenye uzi huu, na ndicho kilichowagawa waliberali wenyewe kule Uingereza. Wa zamani walitaka serikali ikae mbali na mfuko wa mtu. Wakaja wengine wakasema: anayemtegemea bwana kwa mlo wa jioni hawezi kumpinga asubuhi, hata sheria ikimruhusu. Serikali ya chama cha Liberal ikaleta pensheni kwa sheria ya 1908, hadi shilingi 5 kwa wiki kwa maskini waliofika miaka 70, na 1911 ikaja bima ya taifa. Wapo wakongwe wa chama waliokasirika, wakaona huo ni mwanzo wa serikali kutia mkono kila mahali. Kifungu cha 43 chetu, afya, makao, chakula, maji, elimu, kinafuata njia ya hao wa pili.

Swali la NyarKibuye kuhusu yule fundi, jibu langu ni hilo. Soko lifunguliwe, lakini aliyetupwa nje asilazimike kwenda kupiga magoti kwa mtu.

JaNyalenda

Naam. Chukua Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa. Bibi wa Seme aliyefika miaka 70 anastahili 2,000 kwa mwezi kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu alimpigia nani makofi. Ikichelewa ana haki ya kulalama. Sasa chukua thamani hiyohiyo kwa unga wa kilo mbili mbili, uugawe kutoka nyuma ya pikapu yenye picha ya mheshimiwa ubavuni. Chakula ni kilekile, bibi ni yuleyule, lakini kwenye pikapu hawezi kulalama. Anashukuru.

Mimi ndiyo maana siamini kampeni za kuhubiria vijana wa steji uvumilivu. Kwanza lile daftari litoke mkononi mwa mwenyekiti. Sacco zenu za boda zikopeshe mafuta na bima kwa masharti yaliyoandikwa, mkopo unaolipwa, na mtu asiulizwe alipigia nani honi.

NyarKibuye

Na mwenyekiti wa sacco atakuwa nani? Si yuleyule wa steji?

JaNyalenda

Achaguliwe kwa kura ya siri, muhula uwe na kikomo, hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Ni yaleyale tunayomdai wa Ikulu.

BodaKondele

Sacco yetu ilisomewa hesabu mara moja, tukaambiwa mvua ilinyesha kwenye vitabu 😂

Lakini sawa, nitawaonyesha hao wenzangu huu uzi. Ila hiyo ya bibi wa Seme mimi hainifikii. Nina miaka 26. Mpaka nifike 70 nitakula nini?

ShambaMiwa

Panda miwa, kijana.

BodaKondele

Kwa ukanda wa nani, mzee?